Kumshika mkali wa upande wako: tuliyojifunza matawini, Mtwara na Lindi

Huku kusini uchaguzi mkuu hauji peke yake. Kura hupigwa mwishoni mwa Oktoba, na Oktoba hiyohiyo minada ya korosho inafunguliwa. Wiki ambazo kijana ana hasira ya siasa ndizo wiki ambazo ana fedha, ana pikipiki, na ana malipo anayoidai AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Anayesikia redioni kwamba vijana wa vyama viwili wamepigana Tandahimba au Masasi hudhani ni ushabiki mtupu. Katibu wa tawi anajua kwamba ndani ya ugomvi ule kuna makato ya korosho, kuna mpaka wa shamba, kuna binti aliyeposwa na wawili, na bendera imekuja kufunika yote hayo.

Haya yametoka matawini, na yanawahusu makatibu, wenyeviti na wahamasishaji wa chama chochote. Mkali wa chama chako, yaani mwanachama ambaye hasira yake inaweza kugeuka fujo, hushikwa na nyinyi wa chama chake, tena mapema, kabla hajafika barabarani. Mpinzani akimkemea anamwongezea sifa. Polisi wanaweza kumkamata, ila akitoka mahabusu siku ya tatu hupokewa kwa matarumbeta. Viongozi wa taifa watatoa tamko, na tamko la Dar es Salaam au Dodoma likifika Nanyamba huwa limepoa. Anayebaki ni yule anayemjua kwa jina la utotoni.

Kosa la kwanza la viongozi wengi ni kuwatia wakali wote kapu moja, wakati dawa ya huyu ni sumu ya yule.

Yuko mkereketwa wa kweli. Huyu ndiye anayepandisha bendera alfajiri, analipa ada kabla hajadaiwa, na amegombana na shemeji yake kwa ajili ya chama. Ukali wake ni mapenzi, na kwa sababu hiyo anasikia akiambiwa na mtu anayemheshimu. Usimdhalilishe mbele za watu. Ukimwaibisha huyu umepoteza mguu wa tawi.

Yuko aliyeangushwa kwenye kura za maoni. Ndani anaungua, na hasira yake ina njia mbili: ama ahame, ama awe mkali kuliko wote ili watu waseme kwamba chama kilimkata bure. Njia ya pili ndiyo ya hatari kwa sababu inafanana na uaminifu. Huyu anataka jambo moja tu kabla ya mengine yote, nalo ni kusikilizwa malalamiko yake na jibu liandikwe. Siku saba za kwanza baada ya kura za maoni zitumieni kwake. Mkimwacha mwezi mzima, atakuwa ameshapata kundi.

Yuko mpambe wa mgombea. Ukali wake una mwajiri, kwa hiyo kumkalisha chini yeye peke yake ni kazi bure. Nendeni kwa mgombea. Mwambieni kwamba kijana wake akimpiga mtu, jina litakaloandikwa kwenye malalamiko ni la mgombea. Tena simamieni kanuni moja ya fedha: posho yoyote ya vijana ipite kwa mweka hazina wa tawi, isainiwe kwenye daftari, na kiasi kijulikane. Kijana anayelipwa mfukoni na mgombea hamtii mwenyekiti, na ana haki ya kutomtii, maana si yeye anayemlisha. Ipo pia Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya mwaka 2010 inayotaka matumizi ya kampeni yawe na kumbukumbu, kwa hiyo daftari hilo linamkinga mgombea mwenyewe.

Na yuko wa mbali. Anaishi Mbagala au ng'ambo, kwao ni Newala au Kilwa Kivinje, na kila usiku anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nane akiwataka vijana "wasikubali". Yakitokea ya kutokea, yeye yuko mbali na moshi. Huyu hajibiwi kwenye kundi la simu. Mtafuteni ndugu yake wa karibu aliye kijijini, ampigie, amweleze kwamba watakaokamatwa ni wapwa zake. Mara nyingi hilo linatosha. Lisipotosha, mwondoeni kwenye usimamizi wa kundi.

Kuna aina ya tano ambayo watu huipenda sana kuitaja, pandikizi. Mawazo yetu hapa ni haya: msimtafute. Mapandikizi wapo, lakini ushahidi wake haupatikani kijijini, na msako wenyewe huliua tawi kuliko pandikizi angeliua. Kila mtu anaanza kumtazama mwenzake viatu alivyonunua. Mhukumuni mtu kwa alichokifanya. Aliyetupa jiwe ametupa jiwe, awe ametumwa au amejituma.

Kabla ya jiwe hutangulia neno. Vijembe ni kawaida ya siasa zetu. Wanawake wakiimba nyimbo za mafumbo kumpitia jirani wa chama kingine, mwacheni jirani naye atunge zake. Kijembe kikigeuka tishio, mathalani "tukinyimwa hapa hapakaliki", mtu aitwe siku hiyohiyo. Na tishio likipata saa, mahali na kifaa, kwamba kesho jioni, pale njia panda, na petroli ipo, hapo mambo ya ndani ya chama yamekwisha. Kiongozi aliyesikia hayo anatakiwa ayafikishe kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi, na amweleze mhusika kwamba ameyafikisha. Wapo wanaoona huu ni usaliti. Chama kimesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992, na sheria hiyo haikisajili chama kinachohubiri nguvu na mabavu kama njia ya kufikia malengo yake, wala kinachojengwa juu ya dini, kabila au eneo. Marekebisho ya mwaka 2019 yakapiga marufuku vyama kuunda vikundi vya kijeshi au vya ulinzi. Anayeficha mpango wa petroli anakitia chama kitanzi.

Maneno ya dini na kabila yanahitaji sikio la pekee. "Wa kuja", "watu wa bara", "wale si wenzetu" ni maneno mepesi kinywani, na mtu akishayazoea jukwaani ni vigumu kuyameza tena. Msomaji wa risala na msema chochote jukwaani waambiwe kabla hawajapanda, na mwenye kipaza sauti awe na ruhusa ya kukata sauti. Mpeni ruhusa hiyo kwa maandishi. Fundi wa spika huwa ni kijana wa kukodi, hatathubutu kumzimia mheshimiwa bila karatasi.

Sasa namna ya kumkalisha. Viongozi waliotoka nje ya mikoa hii hukosea hapa kwa sababu hutumia cheo. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ukoo kwa desturi hufuatwa upande wa mama, na mjomba ana sauti ambayo mwenyekiti wa wilaya hana. Kijana aliyekataa barua tatu za chama atakaa kimya mbele ya mjomba wake. Kwa hiyo nendeni watatu: mjomba, mmoja wa rika lake aliyetoka naye jandoni, na mtu wa chama mmoja tu. Wakiwa wengi kuliko hao inakuwa baraza, naye atacheza na hadhira. Nendeni baada ya sala ya Alasiri au jioni akiwa ametoka shambani, nyumbani kwake, kijiweni hapana. Mtu wa chama aseme mwisho na aseme kidogo. Kama mkali ni mwanamke, na wanawake wakali wa chama wapo tena wana nguvu kubwa ya kukusanya watu, anayekwenda ni kungwi wake au shangazi, na mwenyekiti mwanamume abaki nyumbani.

Mazungumzo hayo huharibika kwa njia moja inayojirudia: wazee wanataka aombe radhi papo hapo. Msimdai radhi siku ya kwanza. Mdaini ahadi ya jambo moja linaloonekana, kama kuondoa bango la matusi, au kurudisha bendera ya wenzetu aliyoichukua, au kutopita barabara fulani kwa wiki mbili. Akilitimiza, radhi itakuja yenyewe. Asipolitimiza, mna kitu cha kuandika.

Kisha apewe kazi. Mkali asiye na kazi ndiye anayekaa kijiweni kutengeneza uvumi. Kuna kazi zinazomfaa: kubandika mabango, kuhesabu nyumba zilizofikiwa katika kampeni ya mtu kwa mtu, kupeleka wazee vituoni kwa pikipiki, kupanga viti. Na ziko mbili ambazo asipewe hata akililia, kipaza sauti na uwakala wa kituo cha kura.

Uwakala unastahili kuelezwa, kwa sababu huko ndiko ukali unakigharimu chama kura halali. Kituo hufunguliwa saa 1:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni, na aliyekuwa kwenye foleni saa kumi ilipogonga anapiga kura yake. Kura huhesabiwa palepale kituoni. Maana yake wakala anakaa zaidi ya saa kumi na mbili kwenye chumba cha darasa chenye joto, bila kutoka ovyo, akitazama kila anayeingia. Mtu mwenye hasira hawezi kazi hiyo. Ikifika mchana ameshagombana na msimamizi, na saa moja usiku, kura zikianza kwenda upande asioutaka, anatoka akibamiza mlango. Akitoka, hakuna wa chama aliyeshuhudia hesabu. Au anakataa kusaini na kuondoka bila nakala ya fomu ya matokeo, akidhani amekomesha. Kumbe pingamizi huandikwa kwenye fomu, na nakala ndiyo silaha pekee itakayosimama mbele ya jaji. Bila nakala, hadithi ya kuibiwa hubaki hadithi, na hadithi hiyo ndiyo itakayowasha vijana asubuhi.

Wakala apewe kalamu mbili, daftari dogo, tochi, maji, chakula cha kubeba, na namba tatu za simu zilizoandikwa kwenye karatasi. Karatasi, kwa sababu Oktoba 2020 mitandao ya kijamii ilisumbua nchi nzima na waliotegemea kundi la WhatsApp walibaki gizani. Afundishwe kuhesabu kwa vijiti vitano vitano. Afundishwe pia sentensi moja ya kumwambia msimamizi: "Naomba pingamizi langu liandikwe." Mchagueni mwalimu mstaafu, mama wa kikoba anayeweka hesabu za watu, au kijana mpole aliyemaliza kidato cha nne. Kelele zake zisiwe kigezo.

Mikutano ya hadhara ina taarifa yake, barua kwa polisi si chini ya saa 48 kabla, na katika kipindi cha kampeni jukwaa linafungwa saa 12:00 jioni. Hayo kila katibu anayajua. Kinachosahaulika ni safari ya kurudi. Ugomvi mwingi hautokei uwanjani. Unatokea msafara ukirudi na kupita mbele ya tawi la wenzao, honi juu, jua likizama. Tumeona njia tatu zinazosaidia. Mkutano ufungwe saa 11:15, ili watu wawe makwao kabla ya giza. Njia ya kurudi isiwe ile ya kwendea, na isipite ofisi ya chama kingine hata kama ni fupi. Na mafuta yagawiwe mara mbili. Ukiwa na pikipiki 40 za lita mbili mbili, hizo ni lita 80. Gawa 40 kabla ya mkutano, na 40 zilizobaki zigawiwe kwenye kituo cha mwisho cha msafara, kwa pikipiki iliyofika kwa njia iliyopangwa. Aliyechepuka hapati. Utaratibu huu umetuliza misafara kuliko hotuba zozote za amani tulizowahi kusikia.

Simu nazo. Mikutano ya hadhara ilipozuiwa kuanzia mwaka 2016 hadi zuio lilipoondolewa Januari 2023, siasa haikulala. Ilihamia makundi ya WhatsApp na vijiwe vya kahawa, mahali ambapo hakuna kipaza sauti cha kuzima wala mwenyekiti wa kusema "muda umekwisha". Vijana wengi waliopevuka kisiasa katika miaka hiyo walijifunza chama kwa ujumbe wa sauti. Kundi la tawi liwe na wasimamizi watatu, mmoja wao mwanamke mtu mzima. Saa 4:00 usiku lifungwe, wabaki wasimamizi pekee wanaoweza kuandika, lifunguliwe alfajiri. Ujumbe wowote unaosema "kituo fulani kura zimeongezwa" usijibiwe kwa neno; ujibiwe kwa picha ya fomu ya kituo hicho, au ufutwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayesambaza taarifa anazojua ni za uongo, na mkali wa tawi mara nyingi hajui kwamba kubonyeza kitufe cha kusambaza kunaweza kumfikisha mahakamani kabla ya aliyetunga.

Inafika siku mtu lazima achukuliwe hatua. Hapa haraka ndiyo adui. Kikao cha usiku, watu wanane wenye hasira, "tumfukuze", wamefukuza. Baada ya wiki mbili inaonekana akidi haikutimia na hakupewa mashtaka, anarudi kwa shangwe, mkali mara mbili. Mwito uwe wa maandishi, ueleze kosa, siku na mahali. Apewe muda wa kujibu unaotajwa na katiba ya chama chenu, isomeni yenyewe, msikariri ya chama kingine. Ajieleze, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Aliyegombana naye asikae kwenye kikao. Akikata rufaa, waliomhukumu chini wasikae juu. Adhabu ianze na onyo, kisha karipio, kusimamishwa, na mwisho kabisa kufukuzwa. Muhtasari usainiwe usiku huohuo, maana kesho kila mmoja atakumbuka lake.

Mkiwa kwenye kikao hicho, fungueni leja ya ada. Inashangaza jinsi mara nyingi anayewaita wenzake wasaliti hajalipia kadi yake mwaka wa tatu, na kwa hiyo hana hata kura kikaoni. Msilitangaze hilo nje kumkebehi. Lisemwe ndani, kwa utaratibu, na mlango wa kulipa uachwe wazi.

Neno "msaliti" tumelisikia sana huku. Nchi yetu haina mgombea binafsi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua mwaka 2013, katika shauri lililomhusisha Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba zuio hilo linavunja haki, lakini utaratibu umebaki kwamba anayetaka ubunge apite chamani, na mbunge akipoteza uanachama anapoteza kiti. Kwa mfumo huo hofu ya kuitwa msaliti ni hofu ya kupoteza riziki, na ndiyo inayowafunga midomo watu wazima wanapomwona mwenzao akivuka mpaka. Wakapita pia wale wa miaka ya 2017 hadi 2020 waliohama upinzani kwenda CCM wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli, na kila aliyebaki akawa anatazamwa kwa jicho la "lini na wewe". Katika hali hiyo anayemkanya mkali anaonekana ameanza kufunga mizigo.

Tunachowaambia viongozi wadogo ni kwamba ukali na uaminifu ni vitu viwili, na historia ya nchi hii inao mfano wake. Januari 1958, kwenye mkutano wa TANU pale Tabora, hoja ilikuwa kama chama kiingie kwenye uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wengi waliona kukubali ni kujidhalilisha, na hasira yao ilikuwa na haki yote. Mwalimu Nyerere alisimama akatetea kuingia, hoja ikajadiliwa waziwazi na kupigiwa kura, TANU ikaingia. Zuberi Mtemvu akatoka na kuanzisha African National Congress kwa msimamo wa Afrika kwa Waafrika pekee. TANU na wagombea iliowaunga mkono walishinda uchaguzi ule, na mwaka 1962, kwenye kura ya urais, Mtemvu alipata chini ya asilimia 2. Chama kilichoitwa dhaifu kwa ajili ya uamuzi ule ndicho kilicholeta uhuru. Angalieni pia namna ilivyofanyika: ugomvi ulimalizwa mkutanoni, kwa hoja na kura.

Na huku kwetu tuna la kwetu. Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Madai yalikuwa ya watu wa vyama vyote na wasio na chama, na siku ile yalitembea kwa amani. Januari 2013 Masasi iliungua, Mei 22 mwaka huohuo Mtwara mjini ikafuata baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa bungeni. Ofisi za umma na nyumba za wanasiasa zilichomwa, watu walikufa, wengi walikamatwa, na bomba lilijengwa. Sisi tunaona hivi: maandamano ya kwanza yalikuwa na wenyewe, yaliyofuata hayakuwa na wenyewe. Kila chama kilifurahia umati kikitumaini utageuka kura, hakuna kilichotaka kuwa wa kwanza kusema "vijana wetu, rudini". Madai yanapokuwa ya wote, kila tawi linapaswa kujua vijana wake kwa majina, na kabla ya kutoka mlangoni wawekwe makapteni, mmoja kwa kila watu ishirini, wanaojua mahali pa kuishia na saa ya kuishia.

Kuna jambo ambalo halimo kwenye katiba yoyote ya chama na tunaliweka juu ya yote hayo. Msiba haugawanywi. Pemba ilishuhudia watu wa vyama tofauti wakigomeana duka, usafiri, mpaka mazishi, na ambao wamelipita hilo wanajua miaka inayohitajika kulishona. Tawi lipitishe azimio mapema, likiwa halina ugomvi na mtu: hakuna sare ya chama makaburini, hakuna rambirambi inayotangazwa kwa jina la chama kwenye msiba wa mtu wa chama kingine bila ruhusa ya wafiwa, na kiongozi wa tawi lazima aonekane kwenye msiba wa mpinzani wake. Vivyo hivyo kwenye shughuli za unyago na jando. Mkali akisusa msiba, ndipo wazee waende kwake bila kungoja kikao. Mkali akimwona mwenyekiti wake amebeba jeneza la mtu wa bendera nyingine, amefundishwa bila kuambiwa.

La mwisho ni la ardhi na vyombo, nalo hupuuzwa mpaka yatokee. Mwaka 2015 chama cha upinzani cha CUF kilichukua majimbo ya ubunge ya Mtwara Mjini, Tandahimba, Mchinga na yote mawili ya Kilwa. Mwaka uliofuata ukaanza mgogoro wa uongozi, ukaenda mahakamani, na baada ya hukumu ya Machi 2019 Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa katibu mkuu wa CUF, na wafuasi wake wengi wakahamia chama cha ACT-Wazalendo. Ukubwa wa chama haukingi tawi siku kama hiyo, na swali linalozuka ni la kawaida sana: kiwanja hiki ni cha nani? Ofisi nyingi za matawi zimesimama kwenye uwanja wa mwanachama mmoja mwenye moyo, na mara nyingi mwenye moyo huyo ndiye mkali. Akinuna anafunga mlango. Akihama anahama na ofisi, spika, jenereta na bendera kumi. Andikeni makubaliano ya kutumia kiwanja, yashuhudiwe na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Spika na jenereta viwe na risiti kwa jina la tawi, namba zake ziandikwe kwenye daftari la mali, na vilale kwa mtu tofauti na mwenye kiwanja.

Matokeo yakitangazwa, mkiwa mmeshinda, sherehe iwe ya siku moja na isipite nyumbani kwa aliyeshindwa. Jeneza la kuigiza lisitengenezwe. Mkiwa mmeshindwa, kusanyeni nakala za fomu zote za vituo usiku uleule, ziandikwe idadi, zifungwe kwenye bahasha. Itisheni kikao cha tawi ndani ya siku kumi na nne, mkali naye aitwe kwa barua kama wenzake, akae kiti chake. Ajenda ya kwanza ni hesabu, kituo kwa kituo, isomwe polepole, pamoja na vituo ambavyo nakala zake hazikupatikana na jina la wakala wa kila kimoja.